Bata Bukini na Kiti cha Mbele

Kila vuli, juu ya Toronto, bata bukini wa Kanada hupita wakielekea kusini, wamejipanga kwa umbo la herufi V, kelele njia nzima. Mpango ule una hesabu yake: wa nyuma hubebwa na hewa inayoinuliwa na mbawa za aliyetangulia. Aliye mbele akichoka, anarudi nyuma, mwingine anashika usukani. Hakuna kamati, hakuna kura ya maoni, wala chawa wa kumnong'oneza mheshimiwa kwamba bado anatosha. Ndege gani hawa, hawajui utamu wa kiti!

Ila nao wana wajanja wao. Wapo walioonja nyasi za viwanja vya gofu, zilizokatwa na kumwagiliwa kwa gharama ya wengine, wakaona safari ya nini. Hao hawahami tena. Wanakula kutwa, wanaacha kinyesi cha kijani kwenye njia za waenda kwa miguu, na ukiwasogelea wananyoosha shingo na kukufokea kama wenye hati ya kiwanja. Wenye viwanja huleta mbwa wa kuwafukuza. Wanaruka hadi bwawani, wanasubiri mbwa amalize zamu, wanarudi mezani.