Jogoo wa Radi na Fulana ya Mtumba

Mazungumzo haya yanahusu filamu za Thor, shujaa wa Kimarekani aliyechotwa katika visasili vya Waskandinavia, kisasili kikiwa ni hadithi ya kale inayoeleza asili ya ulimwengu na ya nguvu zinazoutawala. Wazungumzaji ni watatu, na wote ni bidhaa sokoni Kitale: Jogoo mwekundu aliyeletwa kutoka Bungoma akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani, Beberu wa Trans Nzoia, ambaye jina lake limemletea lawama za kisiasa asizostahili, na Fulana ya mtumba, yaani nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo, ambayo kifuani imechapwa nyundo na umeme.

Fulana ndiyo iliyoanza, tena kwa majivuno. "Inafaa wanyama wajue wamewekwa karibu na nani. Nyundo hii ni ya Thor, mungu wa radi, mwana wa Odin, na filamu yake ya kwanza, iliyoongozwa na Kenneth Branagh, ilitoka mwaka 2011, zikafuata za 2013, 2017 na 2022; ile ya 2017 peke yake, iliyoongozwa na Taika Waititi, ilikusanya zaidi ya dola milioni 850. Watoto wanaopita hapa huitambua nyundo kabla hata ya kuuliza bei."

"Na mbuzi je?" Beberu aliuliza. "Thor wa masimulizi ya asili alivutwa garini na mabeberu wawili, Tanngrisnir na Tanngnjóstr, ambao aliweza kuwachinja jioni, akala nyama pamoja na wenyeji wake, akaweka mifupa juu ya ngozi, na kulipopambazuka akawabariki kwa nyundo wakaamka wazima. Sharti lilikuwa moja, mfupa usivunjwe, na kijana mmoja alipouvunja ili apate uboho, beberu mmoja aliamka akichechemea. Sasa sharti hilo liletwe Kitale siku ya soko, mahali ambapo mbavu hukatwa kwa panga juu ya gogo, kichwa na kwato huingia katika supu, na mteja haondoki mezani kabla hajaugonga mfupa kwenye sahani mpaka uboho utoke: hata kama Thor angefika alfajiri na nyundo kumi, angeamsha nini, mkia? Na mkia wenyewe, kwa desturi ya hapa, mbwa ameshauchukua. Filamu ya 2022 iliwarudisha mabeberu hao, lakini kazi waliyopewa ni kupiga mayowe."

"Watazamaji walicheka," Fulana ilijitetea.

Jogoo, ambaye kuanzia hapa anaachiwa maneno mengi kuliko haki inavyoruhusu, alikohoa. "Katika mashairi ya kale, Ragnarok, yaani maangamizi ya miungu, hutangulizwa na majogoo watatu, mmoja wao mwekundu kabisa, na filamu ya 2017, iliyochukua jina hilo, haikuwapa hata nafasi ya kuwika. Lakini Bungoma haina haja ya kudai jogoo wa watu wa kaskazini, kwa kuwa ina wake. Wabukusu wa huko walimsimulia Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930, kwamba Wele Khakaba, yaani Mungu Mpaji, aliitegemeza mbingu kwa nguzo kama paa la nyumba, akaumba mwezi na jua, ndugu wawili walioonana kijicho wakapigana. Mwezi ukashinda kwanza, kisha jua likaurusha matopeni ili nuru yake ififie, mpaka Wele akawatenganisha na kuwagawia mchana na usiku. Mawinguni akamweka jogoo mkubwa mwekundu, ambaye akipiga mbawa umeme humulika, na akiwika radi hunguruma. Ndugu wanagombana, mkubwa anaamua, anga inanguruma: filamu yote imo. Nayo hadithi imelala katika kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1954, na si ajabu mtoto wa Kanduyi, Bungoma, akamaliza shule bila kuambiwa kwamba kipo."

"Basi Marekani ndiyo yenye kosa," Beberu alisema kwa matumaini.

"Marekani haikumziba mtu mdomo."

Fulana ilidhani imepata upenyo. "Bungoma ni watu wa kanisa. Watachezeaje miungu ya kale?"

"Iceland ilikubali Ukristo karibu mwaka 1000," Jogoo alijibu, "na Snorri Sturluson, Mkristo na mtu wa sheria, alitunga Edda, kitabu cha visasili na ufundi wa ushairi, karibu mwaka 1220, tena kwa lugha ya nyumbani kwake, ili washairi vijana waendelee kuelewa mafumbo ya wazee. Hakuisujudia nyundo, aliandika habari zake akaenda zake. Muumini anayemtazama Thor Jumamosi usiku, kisha Jumapili akamnyamazisha nyanya yake asiwasimulie wajukuu habari za jogoo wa Wele, ilhali jina hilohilo la Wele hutajwa katika sala za Kibukusu, anamwonea haya nyanya yake na kuivika haya hiyo kanzu ya dini."

"Fedha, basi. Filamu ni ghali."

"Thor wa Marekani alizaliwa mwaka 1962 katika jarida la katuni la senti 12, kwa kazi ya Stan Lee, Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby, miaka 49 kabla ya filamu. Karatasi na kalamu ya risasi zinauzwa kibanda cha pili kutoka hapa. Kisichokosa fedha ni mikutano ya utamaduni: bango hutundikwa, chupa za maji na nauli hugawiwa, mgeni rasmi huja saa mbili baada ya wakati, akasema utamaduni ni hazina, akapigwa picha na wazee waliovishwa ngozi, na hazina ikarudishwa kabatini. Wasomi nao huandika tasnifu za ngano kwa Kiingereza, watahini wakazisoma, na aliyesimulia ngano hapelekewi hata nakala. Aibu kwao! Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, mtahiriwa wa Kibukusu hupita amepakwa matope, huku wimbo wa sioyaye ukimkumbuka Mango, aliyeliua joka Yabebe huko Mwiala, na kijana katika umati humrekodi kwa simu yake, mkono juu. Mwulize Mango ni nani, atasema pengine ni mtu wa ukoo fulani. Mwulize habari za joka la Thor, atataja hata rangi ya magamba. Ilhali Thor wa masimulizi aliliua joka lake akaenda hatua tisa, akafa kwa sumu. Mango aliliua lake, akarudi nyumbani, akatahiriwa. Nani shujaa hapo?"

Beberu alikiri kwamba hakuwahi kulisikia jambo hilo, ingawa amekulia karibu na mpaka wa Bungoma.

"Basi ombi ni hili," Jogoo alisema harakaharaka, kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshaanza kumpima kwa kumshika mbawa. "Mwenye nyanya au babu Kimilili, Chwele au Sirisia amwendee kabla ya Agosti ijayo ya tohara, aandike anachoambiwa kwa Kibukusu au kwa Kiswahili, amtafute mchoraji, achapishe hata kurasa nane, aziuze papa hapa sokoni. Anaogopa kwamba hazitanunuliwa? Fulana hii yenye nyundo, inayovuja rangi, imeshauliziwa bei tangu asubuhi."