Kumi kwa Kumi

Kote Nairobi, chumba cha kupanga huitwa kumi kwa kumi. Huruma, ambako maghorofa yamebanana hadi jirani wa ng'ambo anajua umeunga mboga kwa nyanya ngapi, hakuna anayeuliza ni kumi za nini. Ni futi. Na kwa kuwa pande zote ni kumi, basi chumba ni mraba.

Ndivyo alivyodhani kijana mmoja aliyehamia ghorofa ya nne. Alipima kuta zote: kumi, kumi, kumi, kumi. Akateremka barabarani, akakatiwa mkeka wa mbao, ule wa plastiki usio na mkeka wala mbao ndani yake, vipande viwili vya kutimiza mraba kamili. Alipoutandika, kona moja ya mbali ilipanda ukutani inchi sita. Kona ya pili ikaacha saruji wazi, pembetatu ndefu kama ulimi. Akauzungusha. Mambo yaleyale.

Fundi aliyeitwa hakugusa mkeka. Aliuliza tu, "Boss, kona kwa kona ulipima?"

Hakuwa amepima. Tepu ilionyesha futi 14 na inchi 6 upande huu, na futi 13 na inchi 9 upande ule. Mraba wa futi kumi hautoi majibu mawili: kona kwa kona ni futi 14 na karibu inchi mbili, uanzie popote. Kijana alikuwa amepanga rombasi. Rombasi ina pande nne sawa, na hata mistari yake ya kona hukatana kwa pembe mraba. Kinachokosekana ni pembe mraba kwenye kona zenyewe. Eneo alilopunjwa, ukipiga hesabu, halitoshi kuweka kisosi.

Mwenye nyumba alikuwa na jibu. "Nilisema kumi kwa kumi. Si ni kumi?" Na kwa kweli, hakudanganya hata inchi.

Tepu ikaanza kuzunguka korido. Chumba cha jirani kilikuwa na kuta zinazolingana mbilimbili na kona zilizolala: msambamba. Cha pili kilikuwa mstatili safi, na mwenyewe akaringa wiki nzima. Mraba je, nao ni mstatili? Mwanahisabati Euclid, aliyeandika Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, asingekubali uitwe hivyo. Siku hizi tunaukubali: mraba ni mstatili, ni rombasi, tena ni msambamba, vyeo vyote kwa mpigo kama mheshimiwa wakati wa kampeni.

Mama wa chumba cha mwisho ndiye aliyepunjwa kweli. Ukuta mmoja futi kumi, ulio mkabala nao nane, umbali kati yazo kumi, na kuta hizo mbili tu ndizo sambamba. Trapeza: futi za mraba 90. Akaomba apunguziwe kodi sehemu moja ya kumi.

Akajibiwa kwamba kwenye ploti hiyo kodi hulipwa kwa mlango, na mlango wake ni mmoja kama wa wengine.