Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwenye Tovuti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Butembo. Ofisi yako siitaji, maana wenzako wengine wa Gombe, huko Kinshasa, watalalamika kwamba nimewasahau.

Kwanza hongera kwa picha. Tovuti ikifunguka tunakuona ukikata utepe: linatangulia paji la uso, inafuata miwani, na kabla mkasi haujafika mega zimekwisha. Tukinunua nyingine, unampisha naibu wako. Naye ana utepe wake.

Wenye subira hufika kwenye fomu ya kuomba cheti. Penye komini, orodha inaanza na Bandalungwa na Barumbu, na Kinshasa nzima inapita chini ya kidole. Komini zetu za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hazimo. Ndugu zetu wa Beni wana bahati kidogo: komini yao ya Ruwenzori imo, ila ukikosea herufi moja fomu yote inafutika. Kisha jina. Eti Kambale limekwisha kutumika, chagua lingine. Mheshimiwa, kwetu mtoto wa kiume wa pili huitwa Kambale. Limetumika, tena sana! Tuwabatize upya?

Yote hayo ni kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa katika kifungu cha kwanza kabisa, lakini pengine mliiweka kwenye tovuti, haijafunguka.

Malipo ni kwa kadi ya benki tu. Mama muuza viazi hapa sokoni analipwa kwa M-Pesa au Airtel Money, wala hana mshauri wa kidijitali. Na ukishabonyeza "Tuma", inashuka karatasi iliyopigwa picha kimshazari: ichapishe, ijaze kwa wino wa buluu, uilete mwenyewe Kinshasa. Kutoka huku, hiyo ni safari ya ndege.

Wapo wanaosema Serikali haiyawezi mambo haya. Nawakatalia. Mnaikumbuka RAM, ile ada ya simu? Kuanzia 2020 hadi ilipofutwa 2022, simu ya 3G au 4G ilitozwa dola 7 kwa mwaka, ya 2G dola 1, kwa kukatwa yuniti. Hakuna fomu, hakuna nenosiri, hakuna komini. Ulihudumiwa hata ukiwa umelala. Asiyejua kusoma alifaulu mara ya kwanza. Nasi, watu wasio na shukrani, tukaipigia kelele.

Fundi wa kazi ile yuko wapi? Mpe tovuti yako, aigeuze tu mkondo: vyeti vitufikie kwa wepesi ule ule yuniti zilivyoondoka. Asipopatikana, mlete fundi wako wa sasa akae siku moja kwenye sekretariati yoyote ya mjini hapa, kijana anapowajazia watu fomu kwa malipo. Atumie simu ya kawaida, na mega ajinunulie.

Huyo kijana, hata hivyo, ameniomba nisiitume barua hii. Tovuti yako ndiyo shamba lake.

Wako mtiifu,
Mkaaji wa Vulamba