Raba, Kompyuta na Goti

Muuza raba za mitumba pale soko la Owino jijini Kampala, ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo, hakuuzii kabla hajakuhoji: za lami au za uwanjani? Mbio ndefu au fupi? Hata fundi wa kompyuta, kabla ya kuizima na kuiwasha (dawa yake ya kila ugonjwa), huuliza umeweka programu gani.

Daktari wetu ana haraka. Mkimbiaji kaingia na goti lililovimba, katoka na sindano ya steroidi ya kutuliza uvimbe, iliyopigwa marufuku wakati wa mashindano tangu 2022, labda uwe na kibali. Kazi yake hakuulizwa. Utakaoulizwa ni mkojo, na kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, humbebesha mwanariadha dhamana ya kila kinachokutwa mwilini mwake.

Usijisumbue, dakta. Foleni ni ndefu.