Gesi Bado Ipo

Gesi ya kwa dada yangu, Mbagala, haiishi siku za kawaida. Husubiri wageni.

Jumapili ile ilisubiri wakwe. Mchele wa pilau umeshatiwa, supu inachemka, moto ukanywea, ukazima. Shemeji akaja, akaukumbatia mtungi, akautikisa, akatega sikio. "Mama Salma, bado ipo. Naisikia inacheza."

"Unacheza wewe."

Ugomvi huu wa siku nyingi. Dada akiona moto umeyumba tu, humpigia kijana wa dukani, na gesi iliyobaki inaondoka bure, maana dukani hawakurudishii thamani yake. Shemeji hungoja mpaka jiko lizime lenyewe. Ana ushahidi: kuna mtungi uliodhaniwa umekwisha ukapika wiki nzima, na wiki hiyo ameisimulia hadi kwa kinyozi.

Mwaka 1994, huko Iowa, Marekani, Antoine Bechara na wenzake walichapisha mchezo wa karata wa kupima maamuzi ya namna hii. Mafungu manne: mawili yanalipa dola 100 kila karata, lakini faini zake zinakufilisi, mawili yanalipa 50 tu, na mwisho yana faida. Huambiwi lipi ni lipi. Shemeji, naapa, angeng'ang'ania yale ya mia. Dada naye, akipigwa faini ndogo kwenye fungu jema, asingeligusa tena, asijue lina nini. Woga wake naona unamficha mambo kama tamaa inavyomficha mumewe. Tangu waoane hajui mtungi unadumu muda gani, kwa sababu hauachi uishe. Shemeji anajua, ila hujulia jikoni wageni wakiwa sebuleni.

Mama mkwe alichoka kusikiliza. Akaingia, akaumwagia mtungi maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akapitisha kiganja juu hadi chini. "Penye gesi chuma hubaki baridi. Huu ni moto kote, wanangu. Mtupu." Kisha akagusa shingo ya mtungi: uzito wa mtungi ukiwa hauna kitu umechapwa palepale. "Mizani hamna?"

Ipo, chini ya kitanda. Dada huipanda kila asubuhi na haiamini.

Pilau ilimalizikia kwenye mkaa wa jirani, juu mbichi kidogo. Mtungi mpya ulipofika ukapimwa mlangoni. Sasa wanagombania namba: dada anataka kuagiza zikibaki kilo tatu, shemeji anasema nusu kilo inatosha kabisa.