Karani Asiyekuwapo

Wazee wengi wa Meru wana kitu katika majina yao ambacho wenzao wa Embu kwa kawaida hawana: kialama kidogo kinachoning'inia baada ya M. Kirugi M'Mukindia, aliyewahi kuwa mbunge wa Imenti ya Kati, anacho. Kialama hicho hakimsumbui padri anayebatiza wala chifu anayeandika barua. Kinaisumbua hifadhidata peke yake. Katika lugha ya SQL, ndicho kinachofungua neno na ndicho kinacholifunga. Kompyuta ikifika kwenye M' inaamini jina limekwisha, kisha inazichukua herufi zilizobaki na kujaribu kuzitii kana kwamba ni amri. Lakini jina la ukoo si amri. Sistimu inaanguka chali, na mzee bado amesimama mbele ya mizani na gunia lake begani.

Waairishi wenye akina O'Brien na O'Connor wamekuwa na taabu hiyohiyo, ila wao hawapangi foleni saa kumi na mbili asubuhi na madebe ya kahawa.

Sistimu ninayoihudumia ilizaliwa Embu. Aliyeiandika ni kijana mmoja aliyekuwa ametoka chuo, na aliuandikia ushirika wa kahawa wa upande wa Manyatta, kwa akina Njeru, Nyaga, Ireri na Namu, majina yaliyonyooka ambayo hayajawahi kugombana na kompyuta. Ikafanya kazi misimu kadhaa. Kisha mwenyekiti wa huko akakutana na mwenyekiti wa ushirika mwingine wa Imenti kwenye semina, wakanywa chai, wakasifiana, na sistimu ikapandishwa matatu: Runyenjes, mto Thuci, Chuka, Chogoria, Nkubu. Ilipofika tu, mwanachama wa kwanza kupimiwa alikuwa M'. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa mama, jina lake halikuwa na kialama, na ndiye peke yake aliyepata risiti siku hiyo. Wanaume wakaanza kunong'ona kwamba mashine imeletwa na serikali.

Kijana akaitwa aje atibu. Wakati ule PHP, lugha iliyotumika kuiandika sistimu hii, ilikuwa na kipengele kilichokuwa kikipachika mkwaju ulioinama mbele ya kila kialama, ili hifadhidata isidanganyike. Kiliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012, baada ya kuwaudhi watu dunia nzima, lakini kompyuta ya ushirika ilikuwa na toleo la zamani na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Kijana, kwa usalama zaidi, akaongeza amri yake mwenyewe ya kupachika mkwaju. Sasa zikawa hirizi mbili kwenye shingo moja. Kila karani alipohifadhi upya rekodi ya mzee, mikwaju ilizaana: mmoja, kisha mitatu, kisha saba. Mzee mmoja alikuja ofisini na risiti ambayo jina lake lilikuwa limezingirwa na uzio.

"Kijana wangu," aliniambia, "hii mikwaju ni madeni?"

"La, mzee. Ni kompyuta tu."

"Basi kompyuta inanidai nini?"

Nilipoingia kazini, mwandishi wa sistimu hakuwapo tena. Alikuwa ameacha kompyuta akaenda Mbeere kulima muguka, majani ya kutafuna kama miraa, na kwa habari nilizopata alikuwa amenona. Mwezi Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, nilimpa pole kwa simu huku moyoni nikishangilia kwamba atarudi kazini anisaidie kusoma mistari yake. Hazikupita siku nyingi, Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku ile. Ni kwa sababu hiyo msimbo huu bado ninausoma peke yangu.

Na kusoma ni kazi. Katikati ya faili moja refu ameacha onyo kwa herufi kubwa: USIGUSE HAPA, UKIGUSA BEI YA MBUNI INAPOTEA. Chini yake kuna mstari unaojumlisha sifuri. Nimeutazama mstari huo kwa kila namna, na kwa hesabu yoyote ninayoijua haufanyi kitu. Sijaugusa. PHP yenyewe ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, akaitangaza mwaka 1995 kuwa vifaa vidogo vya kuutunzia ukurasa wake wa binafsi. Sidhani mtu wa barafuni aliwahi kuota kwamba vifaa vyake vingekuja kukokotoa mbuni karibu kabisa na ikweta, vikilindwa kwa vitisho.

Shida iliyonizeesha zaidi, hata hivyo, ni ya kumbukumbu. Itifaki ya HTTP, inayobeba kurasa zote za wavuti, haimkumbuki mtu. Ukiomba ukurasa unapewa, na papo hapo umesahauliwa. Ukiomba wa pili wewe ni mgeni tena, kama kwa mhudumu wa hoteli anayekuuliza unakula nini kila akikuletea kijiko. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alipata dawa: seva ikupe kijikaratasi chenye nambari, kivinjari chako kikionyeshe kila kinaporudi. Kijikaratasi hicho ndicho kidakuzi, na mambo ambayo seva inaweka kando chini ya nambari hiyo ndiyo tunayoyaita sesheni. Dawa nzuri sana, mradi ujue cha kuweka kando.

Kijana wa Manyatta aliweka kando kitu kimoja: mwanachama wa sasa. Karani akimfungua mwanachama, sesheni inaandika nambari yake, na kila kilo itakayoingizwa baadaye inakwenda kwa huyo. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Ofisini kuna kompyuta moja, makarani wawili na kivinjari kimoja chenye vichupo kumi na kitu, kimojawapo cha mahubiri. Karani amemfungua Njeru kwenye kichupo cha kwanza. Simu inalia, mtu anauliza salio la mama fulani, karani anamfungua mama kwenye kichupo cha pili, anajibu, anakata simu. Anarudi kwenye kichupo cha kwanza. Machoni pake jina la Njeru bado liko pale juu, kubwa. Anaingiza kilo za Njeru, anabofya hifadhi. Lakini seva haijui habari za vichupo. Inajua sesheni moja tu, na katika sesheni hiyo mwanachama wa sasa ni mama.

Kule Embu jambo hili liliendelea kimyakimya kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kufikiri. Lilikuja kujulikana pale mama mmoja mwenye mashina machache ya Ruiru 11 nyuma ya jiko alipotokea kuwa miongoni mwa wakulima bora wa kiwanda. Wanakamati hawakushuku hitilafu. Walikodi gari. Wakaenda na bwana shamba na daftari kujifunza mbinu zake, na mama, ambaye hakuwa na sababu ya kuikana baraka, aliwaeleza bila kusitasita: mbolea ya mbuzi na maombi. Niliyaona maelezo hayo yamechapwa vizuri na kubandikwa ukutani pale ofisini. Kuna wanachama walionunua mbuzi.

Tiba yake haihitaji mbuzi. Nambari ya mwanachama inatoka kwenye sesheni na kuingia ndani ya fomu yenyewe, ili kila kichupo kijibebee mtu wake. Mistari michache tu. Kutafuta mahali pa kuipachika, katika faili ambalo nusu yake imewekewa onyo, ndiko kulikokula wiki.

Sesheni pia hufa. PHP isipoelekezwa vingine, sesheni iliyokaa bila kuguswa kwa sekunde 1440 huhesabiwa kuwa takataka. Hizo ni dakika 24. Aliyezipanga bila shaka alikuwa mtu wa kunywea kahawa mezani pake, peke yake, bila salamu. Huku, mzee akiingia ofisini husalimiwa yeye, mama watoto, watoto wenyewe, ng'ombe na mvua. Kukija chai, yanaongezwa mazishi. Karani akirudi kwenye skrini anakuta anatakiwa kuingiza nywila upya, na fomu iliyokuwa imejazwa nusu imekwenda na maji. Nilirefusha muda ukafika saa mbili. Mkaguzi akasema si salama. Nikampeleka aketi na karani siku moja ya kupima kahawa, na aliporudi hakulizungumzia tena.

Halafu kuna malipo. Kabla sijaingia kazini, kamati ilikuwa imeamua wanachama walipie pembejeo kwa M-Pesa, moja kwa moja kutoka kwenye sistimu.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na Wakenya tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba malipo ya namna hii hayajibu papo hapo. Sistimu inapomwomba mtu pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom la waandishi wa programu, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Kisha simu ya mlipaji inaonyesha kidirisha cha namba ya siri. Jibu lenyewe, amelipa au hakulipa, linakuja baadaye kwenye anwani uliyotoa mapema. Katikati ya majibu hayo mawili kuna binadamu na simu yake, na hapo ndipo mambo ya Mungu huanzia.

Maana simu ya mzee ni ya nani? Laini imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Nairobi, na mara nyingi iko Nairobi na mwanawe. Mzee anasimama dirishani Manyatta akisubiri mbolea. Kidirisha kinafunguka ndani ya matatu ya Thika Road. Mwanawe anaona mtu asiyemjua anamwomba pesa. Anajua matapeli. Anakataa. Seva inapokea nambari 1032, ambayo maana yake ni kwamba mlipaji ameghairi. Karani anamwambia mzee, "Mzee, umekataa kulipa." Mzee hajagusa kitu, na sasa ameitwa mkaidi mbele ya watu. Ile nyingine, 1037, inakuja pale simu isipopatikana, na hiyo ina heshima kidogo.

Mwandishi wetu, kabla ya kwenda Mbeere, alikuwa ameanza kazi hii ya malipo. Hakuwa na imani na majibu yanayokuja baadaye. Ukurasa wake uliomba pesa, kisha ukakaa palepale ukiuliza kila sekunde chache: amelipa? amelipa? Na kwa kuwa PHP huweka sesheni kwenye faili na kulifunga ukurasa unapolitumia, kila ukurasa mwingine wa karani yuleyule ulilazimika kungoja nyuma. Mtu mmoja Nairobi akitafakari namba ya siri, mizani ya kiwanda kizima inasimama. Karani anabofya tena, foleni inarefuka. Makarani walikuwa na neno moja kwa hali hii: sistimu imelala. Wengine walikuwa wanaizima kabisa kwenye soketi ili iamke.

Na jibu lilipokuja hatimaye lilibisha mlango usiofunguka. Kila ukurasa wa sistimu huanza kwa kuuliza wewe ni karani gani, na nani hapa anaijua sura ya seva ya malipo? Haina kidakuzi, haina sesheni. Ikaelekezwa kwenye ukurasa wa kuingiza nywila. Pesa zimetoka kwa mwanachama, zimefika benki, na habari zake ziko mlangoni zikiombwa nywila. Kijana aligundua hilo, akaona suluhisho la haraka: asipokuwapo karani kwenye sesheni, ruka mlango, na pale pa jina la karani andika HAKUNA.

Nimeshalibadilisha. Ombi linapotoka, nambari yake ya utambulisho inahifadhiwa kwenye hifadhidata pamoja na mwanachama na karani aliyeomba. Jibu likija na nambari hiyo linajua mwenyewe kwao ni wapi. Lakini risiti za nyuma zilikuwa zimeshachapwa, na mimi sikuambiwa kwamba taarifa ya mwaka ina jedwali la utendakazi wa makarani.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanjani chini ya mahema. Mwenyekiti alisoma jedwali: wa tatu fulani, wa pili fulani, na aliyehudumia malipo mengi kuliko wote, kwa mbali, Karani Hakuna. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasimama nyuma akasema huyu hajawahi kumwona, lakini kila risiti yake ni sahihi na hajawahi kumjibu mtu vibaya, kwa hiyo anapendekeza aongezwe mshahara. Akaungwa mkono. Mwenyekiti akamgeukia mweka hazina kuuliza kama fungu linatosha. Mweka hazina, bila hata kuinua kichwa kwenye makaratasi, akajibu kwamba huyo hulipwa kila mwezi bila kuchelewa, na kwamba likizo yake bado anaidai.