Kishikio cha Bomba

Doa la kwanza aliliona binti yangu wa miaka 8. Alikuwa anaanika soksi zake za shule uani kwetu, hapa Kibaha karibu na Picha ya Ndege, akaja jikoni mbio: "Mama, gari linatoka damu!" Nikatoka na mwiko mkononi. Chini ya gari, upande wa mbele, mchanga ulikuwa umelowa wekundu wa juisi ya rozela, doa la ukubwa wa kisahani. Nikachovya kidole, nikanusa. Maji hayakuwa, na oili ya injini ya gari letu hutoka nyeusi. Ile ilikuwa oili ya giaboksi.

Gari ni Mark II, ile GX100 ya otomatiki, ya mwaka 1997, aliyoniachia marehemu baba. Baba watoto alikwishasema mara mbili tuliuze kabla halijatumaliza, nami mara mbili nilinyamaza. Kiti cha dereva bado kina bonde la mgongo wa baba, na sikuwa tayari kumwona mtu mwingine akilikalia.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake nilitakiwa kumrudisha mama mkwe kwake Kisarawe baada ya wiki tatu za kliniki ya macho. Nikaita fundi wa jirani. Akalala chali chini ya gari, mimi nikamshikia tochi. Mabomba mawili membamba ya chuma hutoka kwenye giaboksi, yakaambaa na injini hadi mbele kwenye rejeta. Moja hupeleka oili ya moto, jingine huirudisha ikiwa imepoa. Mwishoni yameungwa kwa vipande vya mpira, ili injini ikitikisika chuma kisikatike. Kipande kimoja kilikuwa kimepasuka. Fundi akakata mpira wa maji ya hita aliokuwa nao mkobani, akauvika, akaukaza kwa waya wa kufungia nondo. Kishikio kilicholiweka bomba mbali na egzosi kilimsumbua, akakifungua na kukitupa kando, bomba likabaki linaning'inia. Nusu saa, kazi imekwisha. Yote niliyaona, tochi ikiwa mkononi mwangu, na sikuuliza hata swali moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi tukapakia: mama mkwe mbele, wifi nyuma na kilo 25 za mchele, ndoo mbili, na ule mto ambao mama hasafiri bila huo. Kiluvya, Kibamba, Mbezi Mwisho, tukakata kwenda Malamba Mawili na Kinyerezi, tukaja kutokea barabara ya Pugu. Gongo la Mboto foleni ilikuwa ya kusogea na kusimama, jua la saa 7. Hapo ndipo oili ya giaboksi huchemka bila dereva kujua, maana gari haliendi lakini toki konveta inaikoroga muda wote. Tulipoiacha Pugu barabara ikaanza kupanda vilima. Nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, gari halikwenda. Nikaongeza, mlio ukapanda, na sisi tukaanza kurudi nyuma taratibu. Kisha moshi mweupe ukafumka pembeni mwa boneti, na harufu kali kama nywele zinaungua.

"Kanyaga breki, mwanangu," mama mkwe akasema, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. "Wifi yako ashuke atafute jiwe."

Dereva wa Fuso aliyekuwa nyuma yetu, Mungu ambariki, akashuka na kamba atuvute. Mama akamwomba asubiri, akampigia simu mzee jirani yake ambaye ni fundi wa miaka mingi. Hata mimi nilimsikia kutoka upande wa pili: "Msilivute!" Akaja na bodaboda, spana zake kwenye mfuko wa rambo, akatueleza huku ameshainama. Pampu ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini. Ukizima injini ukaburuza magurudumu ya nyuma, vyuma vya ndani vinazunguka vikavu, vinasagana. Akafungua nati nne za propela pale inaposhikana na difu, akaining'iniza kwa kamba isiguse chini, ndipo Fuso likatuvuta polepole hadi uani kwa mama, chini ya mfenesi. Gari likalala pale siku 9.

Kesho yake mzee aliupasua ule mpira kwa wembe, akaulaza juu ya sinia ili nione. Nje, ukiacha alama za moto na za waya, ulionekana mzima. Ndani ulikuwa umevimba na kulegea, mfano wa ngozi ya kidole kilichoshinda kwenye maji ya kufulia, na alipoukwaruza, ukucha wake ulitoka na unga mweusi. Mpira wa maji ni wa maji, akasema, oili inaula. Huu ulikuwa unaliwa na oili kwa ndani, unachomwa na egzosi kwa nje, na ule waya badala ya kuubana uliukata. Ulipochomoka, oili ikamwagikia egzosi ya moto. "Mshukuru kwamba ulikuwa moshi," akasema, na sote tukakaa kimya.

Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwenye karatasi nyeupe. Kama oili ingekuwa na rangi ya waridi iliyochanganywa na maziwa, maana yake rejeta imetoboka ndani na maji yameingia, na huo ndio mwisho wa sahani za klachi. Kama ingekuwa nyeusi kama kahawa, giaboksi imeungua. Yetu ilikuwa na wekundu uliofifia kuelekea udongo. "Imeumia, haijafa."

Nikaenda Kariakoo, Gerezani, na kipande cha bomba la zamani kwenye pochi. Duka la kwanza wakanipa mpira wa petroli, eti mafuta ni mafuta. Mzee alikuwa amenionya kwamba ule haukutengenezwa kwa joto hili, ambalo likikaribia nyuzi 120 oili yenyewe huanza kuharibika. La pili wakanipa wa milimita 10, wakati bomba langu ni la 8, wakasema klipu itakaza. Mpira mpana ukikazwa hujikunja, na penye mkunjo ndipo panapovuja. La tatu walikuwa na wenyewe, umeandikwa ubavuni kuwa ni wa oili ya giaboksi ya otomatiki. Wifi alikuwa amependekeza bomba la shaba kama la friji, kwa kuwa hupindika kirahisi. Mzee alikataa: shaba ikitikiswa kila siku hukakamaa, halafu hupasuka.

Kazi ya kulaza bomba ndiyo niliyoitazama kwa makini kuliko yote. Mzee alilipitisha mbali na egzosi, mbali na feni na mkanda wake, hakulikunja ghafla mahali popote, na kila kipande cha mpira alikiachia ulegevu kidogo. Akaniambia niwashe na nikanyage mafuta kidogo, nione injini inavyojiinua kwenye mauntingi zake. Mama mkwe alikuwa amevuta kigoda. Tangu mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe uzinduliwe mwaka 2020, bomba liko uani kwake, na siku mafundi wa maji walipochimba mtaro alisimama juu yao. "Hata wale walilaza kwenye mchanga," akasema. "Bomba halilali juu ya jiwe."

Kikakosekana kishikio. Dukani hakikuwepo cha umbo lile, kwa sababu kile cha zamani hakikutoka dukani. Kilikuwa kipande cha bati nene kilichopindwa kwa nyundo, matundu mawili, ndani kimevikwa mpira ili bomba lisisuguliwe na chuma. Baba alikichonga mwenyewe. Nikapiga simu nyumbani, nikamwomba baba watoto atafute kwenye mchanga palepale. Hakukiona. Aliyekuwa nacho ni binti yangu: alikiokota siku ileile ya Ijumaa, akakiosha kwa sabuni, akakifanya kitanda cha mwanasesere wake.

Jumapili ya wiki iliyofuata baba watoto alikuja nacho Kisarawe kwa daladala, amekifunga kwenye leso. Hakusema neno juu ya kuuza. Alivua shati, akaingia chini ya gari na mzee, na ni yeye aliyekaza bolti ya mwisho. Tukajaza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti, injini ikiwa inaunguruma, nikipitisha gia zote moja moja kabla ya kupima. Tukashuka hadi Pugu, tukageuza, tukapanda kilima kilekile na mchele uleule nyuma. Likapanda.

Usiku ule Kibaha tulitandika boksi chini ya gari. Asubuhi binti yangu aliamka kabla ya adhana, akalivuta, akaligeuza pande zote mbili, akaniletea chumbani. Kavu. Kisha akaniuliza mwanasesere wake sasa atalala wapi.